Makali ya Sacristán

Wa kwanza kulalamika alikuwa mbwa. Miaka yote alilala chini ya spika ya Sacristán, muziki ukinguruma juu ya kichwa chake, wala hatikisi sikio. Jumapili moja ya Desemba shemeji yangu aliweka santuri ya kwanza ya siku, na yule mbwa akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akavuka barabara, akaenda kulala kwa fundi viatu. Hakurudi. Nikajisemea, haya, mbwa ameshasema, tusubiri tuone binadamu watachukua muda gani.

Sacristán alikuwa piko, yaani mashine ya muziki wa barabarani, la shemeji yangu Eustorgio Cantillo. Spika mbili ndefu kuliko mlango, sanduku la amplifaya, sahani ya kuzungushia santuri, na mbele ya spika kitambaa kilichochorwa kwa rangi za kuwaka: mtunza kanisa anavuta kengele, shetani kamshika pindo la joho. Kitambaa hicho alikishona dada yangu, Mungu amrehemu. Wikiendi Sacristán alitolewa barabarani, mtaa mzima wa Rebolo ukacheza, mimi nikakaanga karimanyola zangu za muhogo na nyama pembeni, na Eustorgio akasimama kwenye mashine kama askofu siku ya Pasaka.

Kilichomharibu Sacristán ni kichwa kipya cha sindano, kile kidude kinachogusa santuri. Baharia mmoja alikileta mfukoni mwa shati, ndani ya kiboksi kidogo kizuri, na Eustorgio alifanya kile ambacho kila mwenye piko wa Barranquilla hufanya akipata kitu kizuri: alitafuta kisu. Ndivyo tulivyo. Ikifika santuri kutoka Afrika, wimbo ambao hakuna kati yetu anayeelewa hata neno lake moja, kazi ya kwanza ni kuikwangua karatasi ya katikati mpaka jina lisisomeke, mpinzani asije akajua aitafute wapi. Kisha tunaibatiza wenyewe. Ile iliyompa Eustorgio sifa mjini tuliiita Mbuzi wa Padri, kwa sababu kuna mahali gitaa linalia hivyo hivyo, kama mbuzi aliyefungwa nyuma ya kanisa. Basi na kile kichwa cha sindano alikikwangua. Jina likaenda, namba ikaenda. Kiboksi na karatasi ya maelekezo akavitia kwenye jiko langu, chini ya mafuta yangu, vikaungua anavitazama.

“Sasa Rosemberg aje na darubini,” alisema, akimtaja mpinzani wake mkubwa. “Hatajua ni kitu gani.”

Kweli Rosemberg hakujua. Na sisi pia hatukujua.

Aliyenieleza ubaya wa jambo lile ni Yolima, binti yake, mtoto wa marehemu dada yangu. Kila kichwa cha sindano kina tabia yake. Kingine kinataka mkono wake uinamishwe nyuma, kingine kinataka uzito zaidi, kingine usipokipunguzia nguvu kwenye waya kinapiga ukelele. Ukishakwangua jina, huwezi kuuliza mtu. Inabaki kukitafuta kwa sikio. Yolima alikuwa na sikio hilo. Alikuwa mwanamke mzima, tangu utoto amebeba masanduku ya Sacristán, amechomelea waya zake, amefuta santuri zake kwa flana, na giza likiingia alizitambua kwa kupapasa mistari yake. Mwanamume aliyetaka kumuoa alichoka kumsubiri amalize kukunja waya, akaoa mwingine. Lakini siku ya ngoma hakuruhusiwa kuweka sindano kwenye santuri hata mara moja. Baba yake alikuwa na jibu lake.

“Mwanamke akishika sindano, ashone.”

Na watu walicheka kila alipolisema. Eustorgio alikuwa na kipaza sauti, na aliyemuudhi alitukanwa humo, yeye na mama yake na miguu ya mama yake, mtaa mzima ukisikiliza. Kwa hiyo tulicheka.

Sasa, kuhusu masikio yake. Mimi nilijua kabla ya wote. Siku moja sufuria ya presha ilikuwa inapiga filimbi jikoni kwake mpaka kasuku wa jirani akaijibu, naye amekaa pembeni yake ananiuliza, “Shemeji, haya maharage unayapika leo au kesho?” Miaka yote ya kusimama mbele ya zile tarumbeta ndogo za juu ya spika, zitoazo sauti kali, ilikuwa imemlia sauti nyembamba zote. Filimbi, nyenje, matoazi, vyote vilikwisha kwake. Maneno ya watu aliyasikia vizuri, ngoma na besi alizisikia vizuri mno, kwa hiyo hakujua kwamba amepungukiwa. Alijua tu kwamba Sacristán ameanza kufifia, na kila Jumapili aliongeza sauti ya juu kidogo, na kuinua mkono wa sindano nyuma kidogo, na kukikaza kile kichwa ambacho tayari kilikuwa wembe.

Yolima alimwambia. Alimwambia mchana kweupe, mbele ya meza ya domino, na hapo ndipo alipokosea.

“Baba, hiki kichwa kina makali. Kinawachoma watu.”

“Watu gani?”

“Watu wa ngoma. Hujaona wanachezea kule kona?”

“Hebu tuwaulize.” Akaweka Mbuzi wa Padri, akafungulia. Matoazi yalitoka kama sanduku la visu limemwagwa sakafuni. Nilisikia meno yangu ya nyuma yakiuma. Mzee Abundio, mcheza domino, macho yalimjaa machozi.

“Abundio! Kuna makali hapo?”

“Asali, mzee. Asali tupu.”

“Na wewe, Tulio?”

“Mie nahisi kama nabembelezwa.” Alisema hivyo taya zimemkakamaa.

“Shemeji Nélvida?”

Mimi nilikuwa na karimanyola mdomoni, na niliendelea kuitafuna kwa utaratibu. Jiko langu lilikaa chini ya taa yake. Mjinga siyo mimi.

“Umeona?” Eustorgio alimgeukia binti yake. “Una masikio ya mama yako. Na yule alisikia umbea tu. Ukiugusa tena mkono wa mashine yangu, nitakukata wa kwako.”

Abundio alicheka mpaka akaangusha kete. Yolima alisimama pale na flana yake mkononi, shingo imemwiva, kisha akaenda kufuta santuri ambazo zilikuwa safi.

Siku chache baadaye akapita Rosemberg Ariza mwenyewe, mwenye piko liitwalo Contralor, na viatu vyake vyeupe. Alisimama, akasikiliza, akaweka mkono kifuani kama yuko misani.

“Mzee Eustorgio, nakuomba kitu kimoja tu. Usiguse. Hivyo hivyo. Ukigusa utaharibu.”

“Umeanza kutetemeka?”

“Natetemeka, mzee. Walahi natetemeka.”

Alipopinda kona nilimwona ameshika ukuta kwa mikono miwili, anacheka hana pumzi.

Alikuwa na haki ya kucheka. Jumamosi kabla ya Kanivali mapiko mawili yangekutana uso kwa uso, na mwaka uliotangulia Sacristán alishindwa. Sheria ya mtaa kila mtu anaijua: piko likishindwa mara mbili mfululizo, mshindi analikata kitambaa kwa mkasi mbele ya watu, anakwenda nacho nyumbani, na akipenda anakipigia deki. Piko lisilo na kitambaa halina jina, na lisilo na jina haliitwi hata kwenye ubatizo wa kuku. Eustorgio angebaki na mbao na waya. Yolima asingebaki na kitu chochote, maana alikuwa hana kingine duniani.

Kwa hiyo alianza kumdhibiti Sacristán kwa siri. Alikwenda kwanza kwa fundi wa redio, naye akamuuliza swali la haki kabisa: “Ni kichwa cha aina gani?” Yolima akamwonyesha alama za kisu. Fundi akamrudisha mikono mitupu, akamwambia, “Dada, huyu hana uso, nitamtibuje?”

Basi ikabaki sikio. Saa za mchana, baba yake akishakula na kulala kwenye machela iliyofungwa pembeni ya mashine kuilinda, Yolima aliingia peku. Siku ya kwanza aliushusha mkono wa sindano nyuma, unene wa kadi ya posta tu. Siku ya pili aliondoa kioo alichokuwa ameweka baba yake juu ya sahani ili santuri ing’ae, akaweka duara la ngozi alilolikata kwenye begi kuukuu. Makali yakapungua, hayakuisha. Siku ya tatu akaja na plagi aliyoitengeneza mwenyewe, ndani yake kuna rezista ndogo kama punje ya mchele, ya kukaa kati ya waya wa sindano na amplifaya na kukishusha pumzi kile kichwa.

Ili asimwamshe, alizima amplifaya ya besi. Besi Eustorgio angeisikia kwa mgongo. Akaacha zile tarumbeta za juu peke yake, akaanza kwa sauti ya chini. Kisha akapandisha, kwa sababu makali hayapimwi kwa kunong’ona.

“Utamwamsha, wewe!” nikamwambia.

Akapandisha tena. Nje ya ukuta jirani akapiga kelele: “Jamani, punguzeni hiyo misumari, watu wamelala!” Yolima alimtazama baba yake. Alikuwa amelala mdomo wazi, tarumbeta iko karibu na kichwa chake kuliko mto. Yolima akamtazama tena, kisha akachomeka ile plagi.

Ilikuwa kama mtu kafunga mlango wa karakana. Matoazi yalibaki, gitaa lilibaki, lakini yalikuwa na nyama sasa, unaweza kuyaweka mdomoni. Yule mbwa akatokea mlangoni kwa fundi viatu, akasimama, akanusa hewa, akavuka barabara, akaingia mpaka chini ya spika yake ya zamani. Tukaanza kucheka, mimi na Yolima, tumeshikana mikono kama wasichana. Mbwa kwa furaha akaulamba mguu wa Eustorgio uliokuwa unaning’inia.

Akaamka. Akajikuna. Akaitazama mashine, na uso ukamkunjamana.

“Nani ameiacha santuri inazunguka na mashine imezimwa? Mnanimalizia sindano yangu!”

Gitaa lilikuwa limefika pale pa mbuzi. Lilikuwa linalia kwa nguvu zake zote.

“Baba,” Yolima alisema taratibu, “haijazimwa.”

“Nini?”

“Haijazimwa. Inaimba.”

Aliitazama santuri, akatutazama sisi, akaitazama tena santuri. Alikuwa kama mtu aliyeshuka ngazi akakanyaga kidato ambacho hakipo. Nilimhurumia. Nasema kweli, kwa kitambo kile nilimhurumia, na kama angelia ningemshika kichwa kama mtoto. Lakini hasira ilikuja kumwokoa.

“Mmekaa chini mkanipangia, wewe na huyu mama yako mdogo! Mnataka kunitia wazimu mnichukulie mashine!”

“Baba, sikiliza—”

“Nisikilize nini? Mnachezesha midomo tu hapo!”

Akaing’oa plagi akaitupa ukutani. Ngozi akaichana. Mkono wa sindano akauinua nyuma kuliko ulivyokuwa mwanzo, akaukaza skrubu kwa koleo. Kisha akaingia chumbani kwa Yolima, akatoka na nguo zake kifuani, akazimwaga barabarani, sidiria na zote, watu wa domino wakishuhudia.

“Nenda kaishi kwa Rosemberg! Mwambie nimekutuma na masikio yako!”

Sikio la kufa halisikii dawa. Yolima aliokota nguo, na kabla ya kuondoka aliinama akaiokota plagi yake pia, akaitia ndani ya blauzi.

Alihamia kwangu. Alinisaidia kukanda muhogo, na mikono yake ilikuwa inakanda kama inamkaba mtu.

“Mwache ashindwe,” nilimwambia. “Atajifunza.”

“Akishindwa, kitambaa cha mama kinapiga deki kwa Rosemberg.”

“Basi nenda kamwibie mashine, uitengeneze.”

“Amehamishia machela juu yake. Anakojoa kwenye kopo ili asiondoke.” Alimega donge jingine la muhogo. “Lazima aondoke mwenyewe, mama mdogo. Akiwa amesimama pale, hakuna atakayenipisha. Na kuna njia.”

“Ipi?”

“Mbaya.”

Niligeuza karimanyola zangu upande wa pili, maana zilikuwa zinaungua.

Jumamosi ilifika na ule upepo wa Februari unaobeba vumbi na unga tunaomwagiana wakati wa Kanivali. Barabara ilifungwa kwa kamba. Huku Contralor, kule Sacristán, na watu katikati, nguo tayari nyeupe kwa unga. Mapiko yanapokezana wimbo kwa wimbo, na mwisho watu walipo ndiko kwenye ushindi; hakuna jaji, jaji ni miguu. Rosemberg alikuja na mkasi wa mshona nguo, umefungwa utepe mwekundu, akautundika shingoni.

Akaanza yeye. Contralor alikuwa na sauti ya kawaida, nzito, haina maajabu. Watu wakacheza.

Eustorgio alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na kofia yake ya sherehe. Alikuwa mzuri, sitamnyima. Akaweka santuri, akashusha sindano. Jamani. Mwanamke mmoja karibu nami aliangusha glasi. Watu walirudi nyuma kama mawimbi, macho wameyabana, nyuso zimekunjwa, wanakanyagana kwenda upande wa Contralor. Naye akawaona, akashika kipaza sauti, akapaza kwa fahari:

“Wanakimbia! Tazama wanavyokimbia! Wanamwogopa Sacristán!”

Kicheko kilichopita pale kilikuwa kibaya. Rosemberg akaanza kufungua na kufunga mkasi wake, cha-cha-cha, anafuata mdundo. Abundio na Tulio walikuwa mbele, wanapiga makofi.

“Ongeza, mzee! Asali!”

Akaongeza.

Santuri yake ya pili ilikuwa Mbuzi wa Padri. Ilipofika katikati, upande wa Sacristán palibaki mbuzi mwenyewe tu na mimi na jiko langu. Nilimtafuta Yolima nyuma yangu, hakuwepo. Alikuwa ameshavuka barabara na aproni yake ya muhogo, amepita nyuma ya spika. Nilidhani ataushika mkono wa sindano. Hakuushika. Alinyoosha kidole akaizima amplifaya ya besi.

Ardhi iliacha kutetemeka. Zikabaki tarumbeta peke yake, uchi, zikipiga ukelele uliowaliza watoto. Eustorgio alikuwa ameegemea ubao wa spika kwa mkono, kama kawaida yake, na nilimwona anavyohisi ule ubao umekufa. Akatazama juu, akatazama nyaya. Akashika kipaza sauti, na sauti yake ikatokea kwenye tarumbeta nyembamba kama ya mbu, na hata hiyo hakuisikia, kwa hiyo akazidi kupaza.

“Umeme umekatika! Jamani, umeme! Rosemberg, umenikatia umeme, mbwa wewe!”

Santuri ilikuwa inapiga kelele juu ya kofia yake.

Kwa muda hakuna aliyecheka, maana watu walikuwa bado hawajaelewa. Wa kwanza kuelewa alikuwa Abundio, yule wa asali.

“Mzee! Umeme upo! Masikio ndiyo yamekatika!”

Hapo barabara ikapasuka. Sijawahi kusikia watu wakicheka hivyo, wala sitaki tena. Watu walikaa chini. Rosemberg alikuwa amepiga magoti anajifuta macho kwa utepe wa mkasi. Na Eustorgio anageuka huku na huku, anaonyesha waya, anasema tazameni, imezimwa, tazameni wenyewe, na kila alivyoonyesha ndivyo walivyozidi kufa.

Yolima akakichukua kipaza sauti mkononi mwake. Alikichukua kwa upole, lakini akasema mdomo ukiwa juu yake:

“Baba, muziki unaimba. Kila mtu anausikia isipokuwa wewe.”

Eustorgio alimsoma usoni. Kisha akatusoma sisi, mmoja mmoja, Abundio, Tulio, mimi. Hakuna aliyemsukuma. Alivua kofia yake, akaondoka kwenye mashine mwenyewe, na miguu yake ilikuwa haijui iende upande gani, kwa sababu miaka yote hiyo ilikuwa haijawahi kuondoka pale kabla ya ngoma kwisha.

Yolima hakumtazama. Alilegeza skrubu, akaushusha mkono wa sindano, akatoa plagi kifuani akaichomeka, akawasha besi, akairudisha Mbuzi wa Padri mwanzo. Nini niseme? Alikuwa Sacristán wa zamani, na zaidi. Gitaa lilitoka tamu, lina pembe zake lakini hazichomi, na besi ikaingia chini yake na kulibeba. Watu walivuka barabara hawajui wamevukaje. Upande wa Contralor akabaki Rosemberg na mkewe, na mke mwenyewe kiuno kilikuwa kimeshaondoka. Rosemberg akautia mkasi mfukoni, utepe ukabaki unaning’inia.

Tulishinda. Yolima alimwagiwa unga mpaka akawa sanamu, na wale wale waliocheka “ashone” walikuwa wanampigania kumshika mkono.

Eustorgio alikaa kwenye kreti ya bia pembeni ya jiko langu. Nilimpa karimanyola. Aliishika tu mpaka ikapoa.

Kisha akaja Abundio. Akasimama mbele yake, uso mzito kama mwenye habari ya msiba, akaanza kuchezesha midomo bila kutoa sauti. Alichezesha na mikono. Eustorgio akamwinamia.

“Nini? Sema kwa sauti.”

Abundio akarudia, midomo tu. Tulio akaja upande wa pili naye akaanza, midomo tu, anatikisa kichwa kwa masikitiko.

“Semeni kwa sauti, jamani! Sisikii!”

Na alikuwa anasikia! Maneno alikuwa anayasikia kama mimi na wewe. Hakukuwa na maneno. Lakini mtu aliyeambiwa mbele ya mtaa mzima kwamba hasikii, ataaminije? Uso ulimsinyaa. Alidhani sauti zimekwisha zote, mpaka za watu. Nilimrushia Abundio mafuta ya moto kwa kijiko, nikamwambia akachezeshe midomo kwenye matako ya mama yake. Alikimbia anacheka, wakaja wengine. Kila aliyewahi kutukanwa kwenye kile kipaza sauti alikuja kuchukua haki yake, wanaume kwa wanawake, wamepanga mstari kama wanapokea komunyo, kila mmoja anainama, anachezesha midomo, anapita. Mkuki kwa nguruwe. Na yeye anamwinamia kila mmoja, kiganja nyuma ya sikio: nini, nini, nini.

Yolima aliona kutoka kwenye mashine. Aliweka santuri ndefu, akaja anawapasua watu kwa viwiko, akachuchumaa mbele ya ile kreti, akamshika baba yake magoti. Watu wote walikuwa wanatazama. Yolima ni mtu wa haya. Alisema kwa sauti ya chini, ya ndani kabisa, muziki ukiimeza; mimi niliyekuwa nimewagusa magoti wote wawili ndiye niliyesikia.

“Nisamehe, Baba. Sikuwa na njia nyingine. Twende nikupeleke nyumbani.”

Eustorgio aliitazama midomo yake mpaka ikatulia. Kisha akatabasamu, na lile tabasamu sitaki kulikumbuka.

“Na wewe umekuja kucheka,” alisema.

“Hapana, Baba! Baba, nimesema kweli!”

Safari hii alipaza mpaka kwa fundi viatu wakageuka. Lakini mzee alikuwa ameshaziba masikio yake kwa mikono miwili, na hakuyazibua.